Kwa nini sekunde kumi tu? Nguvu ya muda kwenye gari la turbo

*"Habari mhandisi. Mwaka 2023 niliagiza Golf GTI Clubsport ya 2016 kutoka Uingereza. Kwenye karatasi zake imeandikwa nguvu za farasi 265, lakini muuzaji alinieleza kwamba nikikanyaga mafuta hadi mwisho zinapanda hadi 290 kwa sekunde kumi hivi, kisha zinarudi. Fundi wangu hapa Nairobi anasema hayo ni maneno ya biashara. Fundi wa pili alichomeka mashine akakuta neno overboost, akaniambia turbo imekufa, ninunue nyingine. Rafiki yangu naye anasisitiza kwamba ile ni nitro na nikiizoea nitaua injini. Mimi mwenyewe nimegundua jambo moja: nikisafiri kwenda Mombasa, kuanzia Voi kuteremka, gari linavuta vizuri kuliko Nairobi, ingawa kule chini ni joto kali. Je, hizo sekunde kumi ni za kweli? Na kama ni za kweli, mbona zisiwe za muda wote? Kuna kijana anataka kunifanyia rimapu anifungulie 290 za kudumu. Nimkubalie?"*

Ndugu yangu, umepewa ushauri na watu watatu na kila mmoja amekuacha na hofu yake. Nianze kwa kukupa pumzi. Hizo sekunde kumi ni za kweli. Hazihusiani na nitro. Usinunue turbo yoyote kabla hujamaliza kusoma barua hii. Kuhusu rimapu, yaani kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, jibu langu ni "bado, na si kwa namna hiyo", na nitakueleza sababu. Ila kitu kilichonifurahisha zaidi katika swali lako ni hilo la Voi. Umelihisi kwa mgongo wako jambo ambalo mafundi wengi hawajawahi kulifikiria, na ndani yake mna nusu ya jibu.

Tumalize kwanza la nitro. Nitro ni gesi inayobebwa kwenye mtungi, ina bomba lake na valvu yake, na ikiisha unakwenda kujaza. Inaipa injini oksijeni ya ziada ambayo haikutoka kwenye hewa ya nje. Gari lako halina mtungi. Kinachoitwa ovabusti ni ile ile turbo uliyo nayo, ikiruhusiwa kwa muda mfupi kusukuma hewa kwa kani kubwa kuliko kawaida yake. Hakuna kifaa cha pili kinachoamka. Ni ruhusa tu.

Ili uelewe ruhusa hiyo inatolewaje, twende kwenye injini yenyewe. Injini ya lita 2 bila turbo, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inavuta lita zipatazo 100 za hewa kila sekunde. Hewa ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu kuchoma kilo moja ya petroli sawasawa kunahitaji kilo kama 14.7 za hewa. Petroli ni rahisi kuongeza, unafungua nozeli muda mrefu kidogo basi. Kazi ngumu ni kuingiza hewa zaidi kwenye silinda ambazo ukubwa wake haubadiliki. Turbo inafanya kazi hiyo kwa kutumia moshi uliokuwa unatupwa: gesi za moto zinazotoka kwenye injini zinapiga gurudumu dogo lenye mapanga, gurudumu hilo limefungwa kwenye mhimili mmoja na gurudumu la pili upande wa hewa safi, na hili la pili linaishindilia hewa kuelekea kwenye injini. Turbo ndogo za magari ya petroli zinaweza kupita mizunguko 200,000 kwa dakika. Nairudia namba hiyo kwa wanafunzi wangu kila mwaka na bado inanishangaza.

Sasa, moshi ukizidi turbo inazunguka zaidi, hewa inazidi, moto unazidi, moshi unazidi tena. Ukiliacha jambo hili lijiendeshe, injini itajivunja. Kwa hiyo kando ya lile gurudumu la moshi kuna mlango mdogo unaoitwa westigeti. Mlango ukifunguka, sehemu ya moshi inapitia pembeni bila kuligusa gurudumu na turbo inatulia. Ukifungwa, moshi wote unapita kwenye gurudumu na msukumo unapanda. Kwenye injini yako mlango huo unaendeshwa na mota ndogo ya umeme inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya injini mara nyingi kila sekunde. Unapokanyaga mafuta hadi mwisho na masharti yote yakatimia, kompyuta inaufunga mlango huo zaidi kidogo kuliko kikomo cha kila siku, inaongeza petroli, inarekebisha muda wa cheche, na papo hapo inaanza kuhesabu. Msokoto wa injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita (Nm), unatoka 350 Nm hadi 380. Nguvu inatoka 265 hadi 290. Ni ongezeko la karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo usitarajie gari kuruka kama ndege. Linavuta vizuri zaidi, basi.

Mbona zisiwe za muda wote? Kwa sababu ya joto, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani kampuni imezificha nguvu hizo ili iwauzie gari la bei kubwa zaidi. Biashara haikosi nafasi yake katika mambo haya, lakini sekunde kumi ni hesabu ya chuma.

Weka sufuria tupu kwenye jiko la mkaa. Sekunde za mwanzo unaweza kulishika. Chuma bado kinalimeza joto, kinalisambaza ndani yake, na uso wake haujapata moto wa kukuunguza. Acha dakika moja, ushike tena, utajua. Mkaa ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba chuma kimeshiba. Vitu vilivyo karibu na moto wa injini yako viko hivyo hivyo: kichwa cha pistoni, valvu za kutolea moshi, gurudumu la turbo lenyewe, ambalo kwenye injini ya petroli hupitiwa na gesi zenye nyuzi 950 na zaidi. Vyote hivyo vinaweza kupokea dozi ya joto la ziada kwa sekunde chache bila kufika mahali pa hatari, mradi baadaye vipewe nafasi ya kulitoa joto hilo kwenye maji, oili na upepo. Wahandisi wanazipima sehemu hizo zikiwa na vihisi vya joto ndani yake, wanaona zinachukua muda gani kufika mpaka, kisha wanaweka saa ndani ya programu. Sekunde kumi ni muda wa sufuria.

Kuna joto la pili ambalo watu hulisahau. Hewa yenyewe ukiishindilia inapata moto. Umewahi kujaza upepo kwenye baiskeli ukagusa mwisho wa pampu? Ndivyo hivyo. Hewa ya nyuzi 25 ukiishindilia mara mbili kwa kifaa chenye ufanisi wa kawaida wa turbo, inatoka ikiwa na nyuzi kama 118. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo kwa kila lita, na mbaya zaidi inaisukuma petroli ijiwashe yenyewe kabla ya wakati. Huko kujiwasha ndiko mafundi wanakoita kunoki, na ndiko kunakovunja pistoni. Ndiyo maana pana intakula, ile rejeta ya hewa iliyo mbele ya gari, ya kuipoza hewa kabla haijaingia. Lakini intakula nayo ni sufuria. Ikiwa ya baridi inameza joto vizuri ajabu, na ikishashiba inaanza kupitisha hewa ya moto. Ukikanyaga mara ya kwanza asubuhi utapata sekunde zako zote. Ukikanyaga mara ya tano mfululizo unapanda mlima, kompyuta itakupa chache au itakunyima kabisa, na haitakuuliza.

Wazo la nguvu ya kukopeshwa kwa dakika halikuanzia kwenye magari. Marubani wa vita vya pili vya dunia walikuwa nalo. Kwenye ndege kama Mustang ya Marekani, wenzo wa nguvu ulikuwa na kizuizi chenye waya mwembamba. Rubani akiwa hatarini aliusukuma wenzo ukaukata waya, akapata nguvu ya dharura kwa dakika chache. Akitua, fundi alipoona waya umekatika alijua injini imeteswa na inahitaji kukaguliwa. Mimi naupenda sana ule waya. Kwenye gari lako, kompyuta ndiyo waya huo: inahesabu muda na joto, na mambo yakivuka mpaka inaandika kosa ambalo fundi atalikuta.

Kuna sababu nyingine ndogo ya karatasi zako kusema 265. Nguvu rasmi ya injini hupimwa ikiwa imetulia kwenye mzigo, si kwa mfyatuko wa sekunde chache. Nguvu isiyoweza kudumu haihesabiwi. Ndiyo maana Ford Fiesta ST ya 2013 iliandikwa nguvu 182 ilhali wenye nayo walikuwa wanapata kama 200 kwa muda usiozidi sekunde 20. Kwa hiyo muuzaji wako hakukudanganya, na karatasi hazikukudanganya. Kila upande ulipima kitu chake.

Wala hauko peke yako. Porsche 911 Turbo ya 2006, ikiwa na vifaa vya Sport Chrono, iliongeza msukumo wa turbo kwa bar 0.2 (bar moja ni karibu sawa na mkandamizo wa hewa ya kawaida usawa wa bahari) na msokoto ukatoka 620 hadi 680 Nm kwa sekunde 10. BMW 335is ilitoa nyongeza yake kwa sekunde 7 tu. Focus RS ya 2016 ilitoka 440 hadi 470 Nm kwa sekunde 15. Ona jinsi saa zinavyotofautiana: kila injini na chuma chake. Usichanganye hayo na kile kitufe cha katikati ya kidhibiti kwenye usukani wa 911 za kuanzia 2016, kinachohesabu sekunde 20. Kazi yake kubwa ni kuiweka injini na giaboksi katika hali ya kujibu haraka kuliko zote. Giaboksi inashuka gia na turbo inakuwa tayari. Ni utayari zaidi kuliko nguvu mpya. Siku hizi hata gari la umeme lina kitu cha aina hii. Hyundai Ioniq 5 N inapanda kutoka kilowati 448 hadi 478 kwa sekunde 10, bila turbo wala moshi, na nako hakuna kinachokwepa joto.

Sasa tuje kwenye Voi yako.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kwa urefu huo uzito wa hewa inayotukandamiza umepungua hadi asilimia 82 hivi ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa kuishi Nairobi tu. Wenye turbo wameambiwa kwamba wao haiwahusu, na kwa matumizi ya kawaida ni kweli: kompyuta inataka kuona kiasi fulani cha hewa ndani ya injini, na kama hewa ya nje ni nyepesi inaiambia turbo ijitahidi zaidi. Lakini kujitahidi huko kuna gharama. Tuseme kwa mfano kompyuta inataka jumla ya bar 2.2 ndani ya injini, tukihesabu na mkandamizo wa hewa ya nje. Mombasa, kuanzia karibu bar 1, turbo inaishindilia hewa mara 2.2. Nairobi, kuanzia bar 0.82, lazima iishindilie karibu mara 2.7 kufika pale pale.

Fanya hesabu ya joto. Mombasa, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi kama 140. Nairobi, siku nzuri ya nyuzi 22, inatoka ikikaribia 160. Mji wa baridi unakupa hewa ya moto zaidi! Na intakula inayotakiwa kuipoza inapigwa na upepo mwepesi unaobeba joto kidogo. Juu ya hayo turbo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na kuukaribia mpaka wake. Kompyuta inayaona hayo yote, na jambo la kwanza inalolikata ni ile zawadi ya sekunde kumi. Kwa hiyo unapoteremka na kupita Voi, ambako umebaki na mita 600 tu au pungufu, turbo inapata nafuu, sekunde zako zinarudi, na wewe unazihisi mgongoni. Fundi wako wa kwanza anayesema ni maneno ya biashara huenda hajawahi kulipima gari la aina hii nje ya Nairobi. Kwa hapa alipo, kuna siku yuko karibu na ukweli.

Fundi wa pili ndiye anayenitia wasiwasi. Neno overboost lina maana mbili na amezichanganya. Kwenye kitabu cha gari ni ile nguvu ya muda tuliyoizungumzia, iliyopangwa na inayoendeshwa. Kwenye mashine ya kupimia ni kosa, mara nyingi namba P0234, lenye maana kwamba msukumo wa hewa umevuka kile kompyuta ilichoagiza. La kwanza ni ruhusa, la pili ni uasi. Kama mashine yake ilionyesha P0234, basi kuna kitu cha kutazamwa, lakini kutoka hapo hadi kununua turbo ni safari ndefu. Uasi huo husababishwa na westigeti iliyokwama, mota yake iliyochoka, waya, au hata sensa ya msukumo inayosema uongo. Turbo yenyewe hutazamwa baada ya hivyo kuondolewa lawama. Na kama alichokiona ni neno tu kwenye orodha ya vipimo, bila namba ya kosa, basi hakuna kosa. Rudi kwake au kwa mwingine, uombe kuiona namba kwa macho yako na kuipiga picha. Fundi mzuri hakasiriki ukiomba hivyo.

Je, ukiitumia unaua injini? Kwa gari zima, lenye oili nzuri na petroli nzuri, hapana. Wahandisi waliihesabu nguvu hiyo ndani ya maisha ya injini. Ninachokuomba ni mambo machache ya heshima. Usikanyage hadi mwisho injini ikiwa bado haijapata moto, na usidanganywe na geji ya maji, kwa sababu oili huchelewa nyuma ya maji kwa dakika kadhaa. Ukitoka kwenye mwendo mkali, endesha taratibu kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya kuzima. Ukisikia feni ikiendelea kuvuma baada ya kuzima, iache imalize kazi yake. Badilisha oili mapema kuliko ratiba ya Ulaya, kwa sababu foleni za Thika Road na vumbi letu havikuwa kwenye ratiba hiyo. Na fungua mfuniko wa tanki usome kibandiko: kiwango cha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kushindiliwa bila kujiwasha yenyewe, kilichoandikwa pale ndicho injini inachokitegemea. Ukiweka petroli ya chini ya hapo, sensa ya kunoki itasikia mlio ambao wewe husikii, kompyuta itachelewesha cheche, na nguvu unayoitafuta itapotea ingawa turbo ni nzima. Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, jaribu matangi mawili mfululizo ya petroli ya oktani ya juu.

Tufike kwa kijana wa rimapu. Sitaki kumvunjia riziki, na sisemi rimapu ni dhambi. Injini za familia ya gari lako zina nafasi, na wako watu wanaofanya kazi hiyo kwa umakini mkubwa. Lakini elewa anachokupa. Nguvu 290 za kudumu ni ile sufuria kuachwa jikoni. Kila sehemu tuliyoitaja sasa inabeba mzigo ule bila mapumziko, pamoja na klachi na giaboksi, ambazo nazo zilipimwa kwa mzigo wa vipindi. Halafu kuna swali ambalo lazima umuulize: programu hiyo iliandikwa wapi? Nyingi zinanunuliwa zikiwa tayari, zimetengenezwa Ulaya, karibu na usawa wa bahari, kwa petroli ya oktani 98. Ukiileta ilivyo Nairobi, inaiagiza turbo iende mahali ambapo hesabu yetu ya nyuzi 160 imeshaonyesha ni pa moto. Au inafika huko na kuumia, au inashindwa kufika na wewe umelipa pesa kwa nguvu ambazo hazipo.

Anayestahili pesa yako atalipima gari kabla ya kuligusa, atakuonyesha rekodi ya msukumo ulioagizwa na uliopatikana, joto la hewa inayoingia, na jinsi cheche inavyocheleweshwa kwenye kila silinda. Atapima tena baada ya kazi, kwa petroli unayoinunua wewe, kwenye urefu unaoishi. Atakuambia umjulishe mwenye bima wako, kwa sababu gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kukuletea mgogoro siku ya ajali. Akikosa hata kimoja kati ya hivyo, mshukuru na uondoke.

Kuna kitu kimoja ambacho nitakukataza kabisa: vile viboksi vidogo vya bei rahisi vinavyochomekwa kati ya sensa ya msukumo na kompyuta. Vinafanya kazi kwa kuidanganya kompyuta kwamba msukumo ni mdogo kuliko ulivyo, nayo inaongeza. Maana yake umemfunga macho mlinzi wako. Niliwahi kufungua injini ya turbo iliyokuwa na kiboksi kama hicho. Mwenye gari alikuwa kijana mwenye bidii, alikuwa amekusanya pesa miaka mitatu. Pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka kwenye ukingo ulio kati ya pete zake, nao ukuta wa silinda ulikuwa umechanika kutoka juu hadi chini. Aliniuliza kama inaweza kuokolewa na nikalazimika kumwambia haiwezi. Sipendi kuyarudia mazungumzo yale na mtu mwingine.

Ungekuwa mdogo wangu na pesa iko mfukoni inawasha, ningekuambia uitumie kwa mpangilio huu: kwanza plagi mpya za aina iliyoandikwa kwenye kitabu, filta ya hewa, na ukaguzi wa mipira yote kutoka turbo hadi kwenye injini kwa kuipima kwa moshi au upepo, maana gari la miaka kadhaa mara nyingi linavuja mahali. Ikibaki pesa, intakula kubwa iliyotengenezwa vizuri. Haitaongeza hata farasi mmoja kwenye karatasi, lakini hapa juu itakurudishia sekunde ambazo joto linakunyang'anya, na haimdanganyi mtu. Wengi watakuambia uanze na programu. Mimi naanza na hewa baridi.

Usingoje barua yangu nyingine, nenda gereji uonane na fundi ana kwa ana ukiona mojawapo ya haya: taa ya injini inapepesa wakati unavuta, maana yake silinda inakosa kuwaka na unapaswa kupunguza mwendo mara moja, moshi wa bluu nyuma, mluzi mpya kama king'ora unaopanda na mwendo, oili inayopungua kati ya sevisi, gari kukataa ghafla kupita mwendo wa pole, au sauti ya kokoto kwenye injini unapopanda kilima. Hii ya mwisho usiivumilie hata siku moja.

Na kwa barabara: sekunde hizo ziliwekwa zaidi kwa ajili ya kulipita gari lingine, ili umalize haraka na urudi upande wako. Kwenye barabara ya Mombasa, lori refu likiwa mbele na upeo ukiwa wazi kweli kweli, hapo ndipo zina faida. Lakini kwa kuwa hujui kama kompyuta itakupa zote siku hiyo, usipange kupita kwa kuzitegemea. Panga kwa 265. Kama nafasi haitoshi kwa 265, nafasi haipo.

Wiki hii fanya hivi. Jaza petroli nzuri, kisha tafuta fundi mwenye mashine inayorekodi vipimo gari likiwa linatembea, si ile ya kusoma makosa tu. Achukue mvuto mmoja kamili hapa Nairobi kwenye eneo salama, na mwingine mkiwa mmeshuka. Atazame msukumo ulioagizwa, uliopatikana, joto la hewa na cheche. Kama msukumo uliopatikana unaufuata kwa karibu ule ulioagizwa, katika sehemu zote mbili, turbo yako ni nzima na tofauti ya Voi ni ya kimaumbile. Kama Nairobi unabaki nyuma sana, tafuteni uvujaji kabla ya kitu kingine. Kama unavuka na namba P0234 inarudi, anzeni na westigeti. Hifadhi rekodi zote mbili, kwa sababu hata ukija kufanya rimapu baada ya mwaka, hizo ndizo mtu makini atakazoziomba kwanza.